Sina Dini, Nimeokoka

Mama yangu alifia hospitalini, magharibi mwa Sydney, mwaka wa pili wa Korona, na katika kompyuta ya hospitali hiyo alikuwa ameandikwa kwamba hana dini. Nalisema mapema ili asiyependa habari chungu aishie hapa. Mwanamke aliyefunga siku tatu kila mwanzo wa mwezi, aliyeniamsha alfajiri kwa kukemea mapepo mpaka jirani yetu Mzungu akagonga ukuta, alikufa akiwa amehesabiwa pamoja na watu wanaojisifu kwamba hawaamini kitu. Na maneno yaliyomfikisha huko aliyatamka mwenyewe, tena kwa fahari.

Asiyekulia kati ya walokole huenda asielewe. Kwetu sisi, dini si neno zuri. Dini ni ya watu wa Jumapili, wanaoingia kanisani harufu ya pombe ya Jumamosi ikiwa bado kwenye shati. Dini ni jina la ubatizo lisilo na mtu ndani yake. Mtu akiokoka anaiacha dini, anampata Yesu. Kule kambini, upande wa Kigoma, nilikokulia baada ya kukimbia Burundi, wahubiri walituambia hivyo tangu tukiwa watoto: dini haiokoi. Mama alilipenda sana neno hilo. Karani wa kambi alipomwuliza dini yake alimjibu, "Sina dini, nimeokoka," na karani, ambaye naye alikuwa mtu wa huko huko, akacheka na kuandika: Mkristo, mlokole. Hapakuwa na haja ya kufafanua. Hata mlevi wa kambini alijua maana yake.

Tulipoletwa Australia, mimi, yeye na binti yangu aliyekuwa bado ananyonya, tulipata nyumba Doonside, huko huko magharibi mwa Sydney, na mama akaanza kazi. Nasema kazi kwa sababu ndivyo alivyoiita. Kila asubuhi alikwenda kukaa kwenye benchi la stesheni akiwaombea abiria waliosubiri treni ya mjini, mmoja mmoja, kwa Kirundi na Kiswahili, macho wazi ili wasimshtukie. Siku moja alimwekea mkono begani kijana aliyekuwa akilia. Kijana akauondoa ule mkono kwa adabu, akahamia benchi jingine. Mama alirudi nyumbani amenyong'onyea.

"Watu wa huku," aliniambia, "ukiwapa mkate wanapokea. Ukiwapa nguo wanapokea. Ukiwapa maombi wanakuangalia kama umewatukana."

Nilimwambia aache, ataitiwa polisi. Nilikuwa nimeshaanza kumwonea haya, sitaki kulificha hilo. Na binti yangu alinizidi. Shuleni kwao, siku ya somo la Biblia, watoto ambao wazazi wao hawataki hupelekwa chumba kingine kutazama filamu au kupaka picha rangi. Alipofika darasa la tano akaja na karatasi, anataka kuhamia huko kwenye filamu, kwa sababu rafiki zake wote wako huko. Nilitia sahihi. Tukakubaliana bibi asijue. Bibi alijua, kwa maana mtoto alipoulizwa wiki ile amejifunza nini kwenye Biblia alisema, "It was good," akakimbilia chumbani. Mama hakunisemesha siku mbili nzima.

Kanisa letu lilikuwa Rooty Hill, ila halikuwa letu. Tulikodi jengo la matofali mekundu la Wazungu waliokuwa wakisali saa nne asubuhi. Sisi tuliingia saa saba wakishaondoka, Warundi na Wakongo na Watanzania wawili watatu, tukaimba mpaka vioo vikatetemeka. Wao walikuwa wazee watupu, wanane au tisa waliosalia. Watoto wao hawakuja. Wajukuu wao sikuwaona hata siku ya Krismasi. Walitupenda kwa namna yao: walitubandikia karatasi jikoni, tusitumie vikombe vyao, ngoma ziishe saa kumi, watoto wasipande juu ya viti. Mama hakuweza kuisoma karatasi ile. Yeye alikuwa akitangulia mapema, saa hiyo ya nne, akakaa benchi la mbele kwenye ibada asiyoelewa hata neno moja, ili wasiwe wachache.

"Hawa ndio walioleta Injili kwa baba yangu," alisema. "Leo wamebaki wachache, niwaache peke yao?"

Walimpa chai na biskuti kavu kwa miaka sita. Hakuna hata mmoja aliyejifunza jina lake.

Mimi sikuwa na moyo wa mama. Babu yangu aliambiwa na Wazungu achome hirizi, aache mizimu, amfukuze mke wake wa pili, naye akatii, na watoto wanne wakalelewa bila baba ili yeye apate kubatizwa. Halafu wajukuu wa Wazungu hao hao wakaichoka dini, wakaivua kama koti siku ya joto, na leo ukiwatajia Mungu wanakutazama kwa huruma, wakidhani hukusoma. Tumevuka bahari kuwafuata waliotuhubiria, tukakuta wenyewe walishatoka zamani, na taa wamezima. Hasira hiyo ninayo mpaka leo na siiombei radhi.

Korona ilipoingia makanisa yakafungwa, yakafunguliwa, yakafungwa tena. Mwaka wa pili, mji ulipofungwa kabisa, sisi wa magharibi tulibanwa kuliko wengine: polisi barabarani, wanajeshi wakibisha hodi milangoni, helikopta juu ya mapaa, na huku kwenye televisheni tunawaona wenzetu wa ufukweni wakiota jua. Duka la pombe lilikuwa wazi, kwa kuwa lilihesabiwa huduma ya lazima. Kanisa halikuhesabiwa. Mchungaji akawa anahubiri kwa WhatsApp. Mama aliiweka simu juu ya kiti, akapiga magoti mbele yake, na sauti ilipokatika aliendelea kuomba mwenyewe mpaka irudi.

Katikati ya hali hiyo ikaja barua pepe kutoka kwa katibu wa wale wazee wenye jengo. Walikuwa wamekutana kwa simu, wamekubaliana kwamba hata vizuizi vikiondolewa hawatafungua tena. Jengo litauzwa, na mnunuzi anataka kujenga kituo cha kulelea watoto. Alitutakia kila la heri. Nilimtafsiria mama. Hakuuliza sisi tutasali wapi. Aliuliza nani atawaombea wale wazee sasa. Nikamjibu kwa ukali kwamba hawajaomba kuombewa.

Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kuwahudumia wazee katika nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Nyumba ile ilijengwa na kanisa, zamani, na msalaba uko getini hadi sasa, ingawa kanisa lenyewe lilishaiuza. Ndani mlikuwa na kikanisa kidogo. Korona ilipoingia kikageuzwa stoo. Maboksi ya glavu na barakoa yalipangwa mpaka juu ya madhabahu, na sisi wahudumu tulikula humo chakula cha mchana, mmoja mmoja, kwa kuwa kilikuwa chumba pekee kisichokuwa na mtu. Hakuna aliyelalamika. Kasisi aliyekuwa akija kila Jumatano alishaachishwa kabla hata ya ugonjwa. Walisema hahitajiki.

Na fomu ziliwaunga mkono. Kila mzee aliyeingia alijaziwa fomu, na ndani yake mlikuwa na swali la dini na kijisanduku chake, na mara nyingi aliyelijibu si mzee bali mwanawe: hana. Nimezijaza fomu hizo kwa mkono wangu. Nilijua kazi ya kile kijisanduku. Mzee akifikia mwisho wake, nesi anatazama: kama kuna dini, mtu anapigiwa simu, kama hakuna, hapigiwi mtu, unafunguliwa muziki laini. Kuna ajuza mmoja ambaye siku yake ya mwisho alinishika mkono akaanza Baba Yetu, akakwama katikati, akawa ananitazama nimsaidie. Mwanawe alikuwa kwenye simu ya video. Alisema, kwa upole kabisa, "Mum grew out of all that." Kwamba mama yake alishakua akayaacha hayo, kama mtoto anavyokiacha kiatu kilichombana. Nikamvutia yule ajuza shuka hadi shingoni, sala sikumsaidia kuimalizia. Fomu ilikuwa upande wa mwanawe, na mimi nilihitaji kazi yangu.

Mama aliupatia ugonjwa nyumbani, na nyumbani niliuleta mimi. Hapakuwa na mwingine aliyekuwa akitoka. Mimi niliumwa kichwa siku tatu nikapata nafuu; yeye siku ya tatu hakuweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Gari la wagonjwa lilipokuja aliwabariki wahudumu wote wawili kabla hawajamfunga mkanda. Sikuruhusiwa kupanda. Nilikuwa na virusi, na hata nisingekuwa navyo, wodi ile haikupokea wageni.

Alipokuwa akitolewa mlangoni aligeuza kichwa. "Mwambie mchungaji aje aniombee," alisema. "Sitaki kuondoka kama mbuzi."

Ndicho kitu pekee alichoniomba.

Baada ya saa mbili hospitali ikapiga. Kwenye laini tulikuwa wanne: nesi, mama kitandani, mimi chumbani kwangu Doonside, na mkalimani wa Kiswahili aliyekuwa sijui mji gani. Alikuwa mwanamume wa makamo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Unguja, kilichonyooka, safi kuliko cha kwetu sote, na usafi huo ndio uliotuponza. Maswali yakaenda: dawa anazotumia, mzio, jamaa wa karibu. Kisha nesi akauliza dini.

"Mama, wauliza dini yako ni ipi?"

"Mimi sina dini, mwanangu," mama alijibu, akihema. "Mimi nimeokoka."

Mkalimani akasema, "No religion. She says she's a survivor."

Survivor, yaani manusura. Mtu aliyetolewa hai kwenye ajali, au kwenye vita. Nesi, ambaye bila shaka mbele yake palikuwa pameandikwa Burundi, akasema, "Oh, bless her," kwa sauti iliyojaa huruma, na nikasikia vidole vyake vikigonga herufi.

Nami nilikuwa nasikia. Kiingereza nakielewa, Kiswahili nakielewa, mama namwelewa. Neno moja lingetosha: Christian. Sikulitamka. Nilicheka. Nilicheka kwa sababu mama, hata akiwa hana pumzi, alikuwa ametoa jibu lake lile lile la kambini, na nikaona amewaweza. Binti yangu, aliyesimama mlangoni na barakoa yake, aliuliza, "Is Bibi okay?" Nikamwambia bibi yake hajambo, bado ana utani. Nimejiuliza mara nyingi, mimi niliyejaza fomu ngapi sijui, nilisahauje kazi ya kijisanduku kile. Jibu ninalopata ni la aibu. Nilidhani vijisanduku vile ni vya Wazungu, kwamba sisi Mungu wetu anajulikana tu usoni.

Matokeo yakaanza siku ya pili. Badala ya mchungaji, mama aliletewa kwenye kishikwambi mshauri wa watu walionusurika vita, pamoja na mkalimani mwingine. Alinisimulia mwenyewe kwa simu, sauti ikikatika.

"Kuna binti ameniuliza kama naota vita usiku. Nimemwambia vita viliisha. Nimemwambia aniitie mtu wa kuniombea. Akaniuliza kama maombi hunisaidia kulala."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia maombi si vidonge. Akaandika."

Mchungaji wetu ni Mkongo wa Uvira. Siku za wiki hupakia maboksi kwenye ghala, Jumapili huvaa suti. Nilimwambia, na siku ya tatu akatoka kazini akaenda moja kwa moja hospitalini na fulana yake ya rangi ya kung'aa na chupa ya mafuta ya upako mfukoni. Alinipigia kutoka ndani ya gari lake.

"Mama, vraiment, iko mubaya," alisema. "Banaangalia mu ordinateur, mu kompyuta yabo, banasema ule mama hana dini. Donc, banauliza, we ni nani yake? Minasema, mimi pasta. Banasema, pasta ya nani?"

Nilikaa chini sakafuni. Nikampigia mwenzangu wa kazini, Mwislamu wa Mombasa anayeishi Auburn, nikimpigia nilie tu, maana yeye ndiye mtu niliyeweza kulia mbele yake. Baba mkwe wake alikuwa amefia hospitali hiyo hiyo wiki chache nyuma. Kila siku shehe alimsomea dua kwa simu, na alipokata roho walijua wamlaze vipi na wamwite nani.

"Kwani nyie mliandikisha vipi?" aliniuliza. Nikamweleza yote, mkalimani na Kiswahili chake cha Unguja.

"Wee! Umwambie mtu wa Unguja nimeokoka? Kwao kuokoka ni kutoka kwenye meli inayozama," akasema. "Na nyie walokole nanyi, dadangu, mwajidai mno. Dini si tusi. Sie waliuliza dini, tukasema Uislamu, basi, yakesha. Wapigie wabadilishe. Wapigie sasa hivi."

Dakika ile nilimchukia, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Nilipiga. Nilipiga siku mbili mfululizo. Wodi ikasema ni kazi ya karani. Karani akasema ni mgonjwa mwenyewe anayebadilisha. Nikasema mgonjwa hana pumzi ya kusema. Akasema basi mkalimani atatafutwa. Mkalimani alipopatikana mama alikuwa amelala, na alipoamka mkalimani alikuwa na kazi nyingine. Mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri aliniambia nisiwe na wasiwasi, wao wanaheshimu alichochagua mama yangu. Neno hilo la kuheshimu limenikaa kooni mpaka leo. Nchi hii watu wakitaka kukuacha peke yako wanasema wanakuheshimu.

Alikufa siku ya sita, saa sita kasoro mchana. Hakuna mtu wetu aliyemwombea. Tulimzika watu kumi, ndio walioruhusiwa, mchungaji akiwa mmoja wao, na kwaya ikaimba kwenye simu iliyowekwa juu ya kiti cha plastiki, kila mmoja kutoka jikoni kwake, sauti zikipishana. Mama aliyezika watu kambini kwa nyimbo za usiku kucha, yeye alizikwa kwa nusu saa, kwa sababu familia nyingine ilikuwa inasubiri getini. Siku mbili baadaye karani wa hospitali akapiga kunijulisha kwamba kumbukumbu imesahihishwa. Sasa inasoma Mkristo. Nilimshukuru. Hata sijui kwa nini nilimshukuru.

Tangu hapo nimeisimulia habari hii mara nyingi: kwenye ukumbi wa shule tunakosalia siku hizi, kwenye misiba ya wengine, jikoni kazini. Naanza na karani wa kambini, watu wanacheka. Nafika kwa mkalimani, wanashika vichwa. Naishia kwenye lile neno, wanaheshimu. Wazee wetu wanasema Wazungu wamemwacha Mungu, wamebaki na fomu. Wamama wananishika mkono, nami nazipokea pole zao. Nimezipokea miaka hii yote. Ni habari inayosimulika vizuri, maana ina mkosaji, na mkosaji hayupo ukumbini.

Lakini kuna asubuhi moja ambayo huwa nairuka.

Siku hiyo ya sita, saa nne na nusu, nesi alipiga kwa video. Hakuwa yule wa kwanza. Kwa sauti yake nadhani alikuwa Mfilipino, mtu mzima, amefunikwa plastiki kuanzia kichwani. Alisema mama hana muda mrefu. Alisema atamshikia kishikwambi dakika kumi na tano, zaidi ya hapo hawezi, ana wagonjwa wengine. Kisha akageuza kioo nikamwona mama. Kamba za oksijeni zilikuwa zimemchora mashavu. Alikuwa macho. Aliniona, akainua vidole viwili kutoka kwenye shuka.

Nami nikaanza na nesi. Nilimwuliza kama fomu imebadilishwa. Hakuijua hiyo fomu. Nikamweleza yote toka mwanzo, mkalimani, manusura, mchungaji aliyerudishwa mlangoni, kwa Kiingereza changu ambacho hasira ikiingia huvunjika vipande. Akasema atamwuliza karani. Nikasema amwulize sasa. Akasema karani yuko ghorofa ya chini na yeye hawezi kutoka na nguo zile. Kisha akashusha sauti, akasema yeye pia anasali, na kama nitapenda anaweza kumwekea mama mkono na kusema Baba Yetu pale pale. Nikakataa. Nilimwambia sikuomba huruma yake, ninadai haki ya mama yangu, nataka iandikwe, na nataka nipewe jina la mkubwa wake. Binti yangu alikuwa akinivuta mkono wa gauni. "Mum, talk to her. Mum, please, just talk to Bibi." Nikamsukuma.

Lazima niseme kitu ambacho hakuna ajuaye kanisani. Mimi siombi. Naimba, nasema amina, nabeba sahani za chakula cha wageni, lakini kufungua kinywa changu nikamwomba Mungu, mbele ya mtu au peke yangu, niliacha miaka mingi. Hakuna lililotokea. Sikugombana na Mungu wala sikusoma kitabu kilichonipotosha. Nilichoka kazini, nikalala; kesho yake nikalala tena; na mama alikuwa akiomba chumba cha pili kwa niaba ya nyumba nzima. Asubuhi ile, kama ningenyamaza, kimya kile kingenidai mimi niombe. Kugombana na nesi kulikuwa rahisi zaidi.

Mama alisikiliza yote. Kiingereza hakukielewa, lakini sauti yangu aliijua. Nesi alikuwa ameshatazama saa ya ukutani mara mbili. Mama akaisogeza barakoa ya oksijeni kwa kidole. Nesi akataka kumzuia, akamwacha.

"Mwanangu," mama alisema, "mchungaji wa nini? Si uniombee wewe."

Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mama. Naongea na nesi."